Chanjo ya kichaa cha mbwa baada ya kung'atwa inawahi vipi?

Mdadisi_Moro:
Wakuu, chanjo ya surua au polio tunachomwa kabla ya kuugua. Hii ya kichaa cha mbwa mtu anachomwa ameshang'atwa, virusi viko mwilini tayari. Inaviwahije?

Maabara7:
Virusi hivi vina mwendo wa kinyonga. Havisambai kwa damu. Vinaweza kukaa msulini wiki kadhaa, ndipo viingie ncha ya neva na kupanda hadi ubongoni. Dalili kwa kawaida hutokea baada ya miezi 2 hadi 3, ila aliyeng'atwa usoni hana muda huo.

Shida ni kwamba muda wote huo kinga ya mwili haishtuki. Virusi ni vichache, vimejichimbia ndani ya neva, na protini yao iitwayo P huzima intaferoni, ishara ya kuzitahadharisha seli jirani. Mwili ukija kutengeneza kingamwili zake, yaani protini za kunasa virusi, mara nyingi mgonjwa ameshaanza kuogopa maji. Chanjo hupeleka virusi vilivyouawa begani, kinga inaviona waziwazi, na kingamwili hutoka kati ya siku ya 7 na 14.

Tabibu_Zamu:
Hapo kabla ya siku ya 7 ndipo penye pengo. Jeraha likitoboa ngozi, huongezwa kingamwili zilizo tayari: uniti 20 kwa kilo zikiwa za binadamu, 40 zikiwa za farasi. Mwenye kilo 50 ni uniti 1,000 za binadamu. Zinadungwa ndani ya jeraha na kulizunguka. Zikipita siku 7 tangu chanjo ya kwanza, haziongezwi tena.

Chanjo ya msulini ni siku ya 0, 3, 7, na ya nne kati ya 14 na 28. Isichomwe takoni, mafuta ya pale hudhoofisha mwitikio. Mtoto mdogo achomwe pajani.

Mdadisi_Moro:
Asante mkuu. Na kuosha jeraha kunasaidia kweli, au ni desturi tu?

Tabibu_Zamu:
Kunasaidia sana. Virusi hivi vina ganda la mafuta, sabuni hulivunja. Dakika 15, sabuni na maji yanayotiririka, kisha iodini. Pilipili na majani acheni kabisa. Kushona kusubiri, sindano ya uzi husukuma virusi ndani zaidi. Ikilazimu, kingamwili zitangulie.

Maabara7:
Mbwa akipatikana, msimuue. Afungiwe siku 10 huku chanjo ikianza siku hiyohiyo. Akibaki mzima, dozi zilizobaki husitishwa.