Yah: Fomu 25, nimerudishwa dirishani mara ya tatu

Mwalimu wa Umoja:
Ndugu zangu Watanzania wa Nairobi, naombeni msaada. Nahuisha kibali cha kazi cha Daraja D, kile cha walioajiriwa, kinaisha mwezi ujao. Fomu 25 ya kuomba kibali nimejaza, PIN ya KRA (namba ya mlipakodi) ninayo, eCitizen, tovuti ya serikali, nimelipa. Juzi kwenye ofisi moja mjini dada wa dirishani aliweka kidole juu ya mhuri wa barua yangu ya shule: "Huu ni wa mkuu wa shule. Lete wa bodi ya shule." Orodha waliyonipa wenyewe haina neno bodi. Kuna aliyewahi kudaiwa mhuri huo?

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu. Mwezi uliopita nilimnyang'anya mwanafunzi kofia. Akasimama, kwa adabu kabisa: "Mwalimu, hiyo sheria imeandikwa wapi?" Nyumbani nisingeulizwa, mwalimu akishasema, yameisha. Nilikasirika, lakini jioni nikafungua kijitabu cha kanuni za shule. Kofia haimo. Kesho yake nikamrudishia mbele ya wenzake. Sasa mimi, orodha mkononi, nimesema "samahani dada" nikatoka.

Mama Neema:
Pole sana mwanangu. Mimi 2019 walikataa picha, eti nyuma si nyeupe. Nikapiga nyingine River Road, kesho yake wakaipokea bila kuitazama. Tafuta mtu wa ndani akusaidie.

Kaka wa South B:
Shikamoo mama, lakini hapo unampotosha. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ipo tangu Julai 2010. Mkataba ukizidi siku 90 unaomba kibali ndani ya siku 15 za kazi, na wao wana siku 30 za kukujibu. Achapishe ukurasa huo awawekee mezani.

Mama Neema:
Marahaba. Miaka 17 niko hapa, sijaona itifaki ikifungua dirisha.

Fundi wa Gikomba:
Watoto wa huku wanahoji kwa sababu hawachapwi, viboko vilipigwa marufuku 2001. Kwetu mwalimu ana ruhusa, ndiyo maana kuna nidhamu.

Mwalimu wa Umoja:
Hapana kaka, usiseme hivyo. Kwetu kuna kanuni ya 2002: achape mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe daftarini. Nilifundisha miaka sita nyumbani. Daftari hilo nililiona mara moja, kabatini, jalada bado linang'aa, ndani hakuna jina hata moja. Na fimbo zilikuwa kila siku asubuhi. Hakuna mtoto aliyeuliza, wala mimi sikuuliza. Hilo linanisumbua kuliko kibali.

Kaka wa South B:
Wenzetu wana Katiba ya 2010, vijana wanakutajia kifungu cha 37, haki ya kuandamana, bila kusoma popote. Sisi tuko na ya 1977. Ile Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa na Bunge Maalum la Katiba 2014, kura ya maoni ya Aprili 2015 ikaahirishwa, basi.

Dada wa Kayole:
Jamani, siasa tena? Jana kwenye matatu nilimwamkia bibi mmoja shikamoo, akaniuliza, "Unasema nini?" Nikageukia dirishani mpaka Donholm, nisionekane machozi. Ninamkumbuka mama yangu.

Mama Neema:
Njoo Jumapili mwanangu, tutapika wali wa nazi. Na anayepita Namanga Ijumaa aniambie, nina kifurushi cha Arusha.

Fundi wa Gikomba:
Mimi napita. Basi la saa moja asubuhi.

Mwalimu wa Umoja:
Asanteni. Jumatano narudi na barua ileile, na orodha yao nimeipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Safari hii nitauliza imeandikwa wapi. Ila aliyewahi kudaiwa mhuri wa bodi, tafadhali, bado nasubiri.