Je, ni ajali ya Lauda iliyoiondoa Nürburgring ya zamani kwenye langalanga?

Mfuasi wa Langalanga (Mombasa)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Kila mtangazaji anapoitaja Nürburgring ya zamani, ile barabara ya mbio za magari ya Ujerumani, husema kwamba iliondolewa kwenye langalanga, yaani Formula 1, kwa sababu dereva Niki Lauda aliungulia pale tarehe 1 Agosti 1976. Nilikuwa nikiikubali habari hiyo bila kuihoji, hadi juzi nilipobishana na mwenzangu kazini, aliyeshikilia kwamba barabara ile ilikwisha hukumiwa kabla Lauda hajawasha gari siku hiyo. Naomba anayeifahamu historia yake aseme nani kati yetu ana haki, na atueleze ni kitu gani hasa kiliifanya iogopwe, maana kona kali ziko kila mahali na madereva wa zama zile hawakuwa waoga.

Gia ya Tano

Mwenzako ndiye mwenye haki. Kabla ya mashindano ya 1976 ilikuwa imekwisha amuliwa kwamba hayo yangekuwa ya mwisho ya langalanga kwenye barabara ile, na Lauda mwenyewe alijaribu kuwashawishi madereva wenzake wayasusie, wengi wao wakakataa. Wala hakuwa mtu aliyeshindwa na barabara akatafuta kisingizio: mwaka uliotangulia ndiye aliyekuwa wa kwanza kuizunguka yote kwa muda usiofika dakika 7.

Kiini cha tatizo kilikuwa urefu. Nordschleife, yaani mzunguko wa kaskazini, ambayo ndiyo barabara hiyo ya zamani, wakati huo ilikuwa na kilomita 22.8, ikipanda na kushuka katika misitu ya milima ya Eifel, na kutoka sehemu yake ya chini kabisa hadi ya juu kuna kimo cha karibu mita 300. Kwenye uwanja wa kilomita 5 dereva huipita kona ile ile mara 60 katika mashindano mamoja, akaizoea kama mlango wa nyumbani kwake, ilhali mwaka 1976 walipangiwa mizunguko 14 tu. Isitoshe, mvua huweza kunyesha upande mmoja huku upande wa pili lami ikiwa kavu. Lauda alianza na tairi za mvua, akazibadilisha baada ya mzunguko wa kwanza, na katika mzunguko wa pili, kabla ya kona ya Bergwerk, gari lake liliacha njia, likagonga ukingo, likarudi barabarani likiwaka moto.

Waliomtoa hawakuwa wazimamoto. Walikuwa madereva wenzake, Arturo Merzario, Guy Edwards, Brett Lunger na Harald Ertl, na Merzario ndiye aliyeifungua mikanda moto ukiwa bado unawaka. Barabara ya kilomita 22 inadai wazimamoto, magari ya wagonjwa na waangalizi wengi mno, na hilo ndilo Lauda alilokuwa akililalamikia kabla ya siku hiyo. Yeye alirudi mashindanoni baada ya wiki sita, akamaliza wa nne huko Monza, Italia, bandeji zikiwa bado kichwani.

Mzee wa Kabureta

Nakubaliana na ndugu Gia ya Tano, ila hukumu hiyo ilianza kuiva zamani zaidi. Ujenzi ulianza mwaka 1925 kwa juhudi za Otto Creutz, mkuu wa wilaya ya Adenau, aliyetaka kuwapa ajira watu wa eneo lililokuwa maskini na wakati huo huo kuziondoa mbio za magari kwenye barabara za kawaida. Ilifunguliwa Juni 1927, na Rudolf Caracciola akashinda mbio za kwanza za magari akiwa na Mercedes.

Ilikuwa barabara ya kumpambanua dereva na gari lake. Mwaka 1957 Juan Manuel Fangio aliingia kubadilisha tairi na kujaza mafuta, mafundi wakachelewa, akatoka akiwa nyuma ya Ferrari mbili kwa karibu sekunde 50. Akavunja rekodi ya mzunguko tena na tena, akazipita zote mbili kabla ya mzunguko wa mwisho. Sijui mbio nyingine ninazoweza kuziweka juu ya hizo. Mwaka 1968 Jackie Stewart alishinda katikati ya mvua na ukungu kwa zaidi ya dakika 4, na bado ndiye aliyeipa jina la jahanamu ya kijani.

Mwaka 1970 madereva waligoma na mashindano yakahamishiwa uwanja wa Hockenheim. Miti ikakatwa, matuta yakasawazishwa, kingo za chuma zikawekwa, na 1971 wakarudi. Lakini urefu haukatwi kwa shoka.

Mfuasi wa Langalanga (Mombasa)

Nawashukuru, na mwenzangu nitamwomba radhi. Je, barabara yenyewe bado ipo, au ilivunjwa?

Mkaazi wa Köln

Ipo, ndugu yangu. Sehemu ya zamani ya kuanzia ilibomolewa ili kujenga uwanja mpya mfupi uliofunguliwa mwaka 1984, na Nordschleife ikabaki na kilomita 20.8. Mbio za saa 24 bado hufanyika pale, na kampuni za magari huitumia kwa majaribio.

Siku nyingine hufunguliwa kwa umma: unalipia mzunguko, kizuizi kinainuka, unaingia na gari lako la kawaida, na ni marufuku kumpita mtu kwa upande wa kulia. Mimi niliingia nikiwa abiria wa rafiki yangu. Kwenye Karussell upande wa ndani wa kona umejengwa kwa mabamba ya zege yaliyoinama kama ukuta wa mfereji, na gari linapotumbukia humo kila kiungo cha zege hulipiga kutoka chini hadi meno yanagongana. Rafiki yangu aliniambia kona ya mbele inapinda kushoto. Ilipinda kulia, naye huyo alikuwa akiipita kwa mara ya tisa.