Embe dodo linaoza likiwa bado mtini, dawa haisaidii

Mwenye_Dodo:
Wakuu, nina mwembe mmoja wa dodo uani, huku Mkuranga. Embe likianza tu kugeuka rangi linalainika upande mmoja, siku mbili tatu liko chini. Mengine yana madoa meusi kuanzia kwenye kikonyo. Nimepiga dawa ya wadudu mara mbili, hali ni ile ile. Nakosea wapi?

Kisu_Kwanza:
Mkuu, weka pampu chini uchukue kisu. Pasua maembe matano yaliyolainika. Ukikuta funza weupe na nyama imekuwa uji, huyo ni nzi wa matunda. Kwa nje utaona kitundu kama cha sindano, mara nyingi kina tone la utomvu lililokauka. Doa jeusi lililobonyea, au michirizi kama machozi kutoka kikonyoni, bila funza, ni chule, yaani ukungu. Nahisi unayo yote mawili.

Dawa imeshindwa kwa sababu nzi anataga ndani ya ganda. Unayemtaka yuko kwenye nyama, wewe unaosha ganda.

Funza akishiba anatoka, anajichimbia sentimita chache udongoni, na baada ya siku kumi hivi anaruka akiwa nzi. Kwa hiyo okota maembe yaliyoanguka kila siku, na yaliyotobolewa mtini uyatungue. Yafukie sentimita 60 kwenda chini, au yafunge kwenye gunia la mbolea lenye nailoni ndani uliache juani wiki nzima. Usiyatupe kwenye mboji, hapo unafuga.

Mama_Miche:
Naongezea mtego. Ule wa methili yujenoli, ile harufu ya kuvutia nzi, unanasa madume tu. Chupa ikijaa nzi watu wanafurahi, kumbe anayetaga ni jike, na bado yuko juu ya mti. Majike hufuata chambo cha protini chenye sumu: unapiga sehemu ndogo tu ya majani, kila wiki, si mti mzima.

Kwa mti mmoja wa nyumbani mimi ningefunika matunda. Yakifika ukubwa wa yai la kuku, na yale ya kudondoka yenyewe yameshadondoka, vika kila embe mfuko wa khaki au gazeti lililokunjwa mara mbili, ufunge kwenye kikonyo pasibaki upenyo. Nailoni usiiguse: embe linatoa jasho humo na chule inanenepa.

Kisu_Kwanza:
Chule nayo inaanzia kwenye maua, doa unaliona miezi baadaye. Piga kopa oksikloraidi, dawa ya ukungu, vikonyo vya maua vikichomoza, kisha tena vitunda vikishashika. Kipimo fuata kibandiko. Maua yakiwa wazi acha, utayaunguza na kusumbua wachavushaji. Baada ya mavuno punguza matawi ya katikati hadi uone mwanga chini ya mti, na choma vijiti vilivyokauka, ukungu unalala humo.

Ukivuna maembe yaliyokomaa bado mabichi, yatumbukize kwenye maji ya nyuzi 52 kwa dakika 5. Tumia kipimajoto, kidole kitakudanganya, na maji yakizidi ganda linaungua.

Mwenye_Dodo:
Asanteni sana. Mti umejaa maji moto, wale sisimizi wanaouma, niwaue kwanza ndipo nivike mifuko?

Mama_Miche:
Usithubutu. Maji moto wanamfukuza nzi asitulie kutaga na wanabeba funza wanaodondoka. Panda asubuhi mapema kukiwa na baridi, jipake majivu mikononi, na mfuko ukishafungwa waache waendelee na doria.