Tupeane uzoefu: magoti, migongo na dawa za kienyeji tunazotumia hapa Uganda

Mzee_wa_Kisenyi
Wakubwa, hamjambo. Mvua zimerudi Kampala na magoti yangu yameanza kulalamika. Naomba tupeane uzoefu wa dawa za asili za maumivu na uvimbe: goti, mgongo, kuteguka, jino, chochote. Masharti ni mawili. Sema ulichotumia wewe au mtu wa nyumbani kwako, si ulicholetewa kwenye WhatsApp. Halafu sema maumivu yalitokana na nini, kwa sababu goti lililolika na goti lililoanguka na pikipiki si ugonjwa mmoja.

Naanza mimi. Daktari alisema gegedu za magoti zimelika kwa umri na kwa kazi ya kubeba magunia. Nakunywa tangawizi mbichi iliyopondwa na kuchemshwa, kikombe kila asubuhi. Haijaniponya, ila ule ugumu wa kuamka nao umepungua. Kinachonisaidia kuliko hiyo tangawizi ni kitambaa cha maji moto, kisha kutembea polepole mpaka Old Kampala na kurudi. Hilo hakuna anayeniuzia, ndiyo maana hakuna anayelitangaza.

Atim_Lira
Mzee, sisi huku tuna moo yaa, mafuta ya mti wa yaa, ndiyo shea. Mama yangu huyatengeneza mwenyewe: kokwa zinakaushwa, zinabanjwa, zinakaangwa, zinasagwa mpaka ziwe uji mzito, halafu zinakorogwa na maji mpaka mafuta yapande juu. Kaka yangu alipoteguka kifundo uwanjani, kwanza mama alimwekea maji baridi, akamkataza kukikanyaga. Uvimbe ulipoanza kushuka ndipo alipomkanda kwa moo yaa ya uvuguvugu, akivuta kuelekea juu, jioni kwa jioni. Sijui kama ni mafuta au ni mikono ya mama. Nadhani ni mikono. Ila bila mafuta huwezi kukanda muda mrefu bila kuchubua ngozi.

Siku hizi yanapanda bei. Watu wamekata miti hiyo kuchoma makaa.

Bodaboda_Walukuba
Mgongo wa chini, kazi ya pikipiki na barabara zetu mnazijua. Nilikunywa mululuza, yale majani machungu ya malaria, mpaka ulimi ukafa ganzi. Mgongo ulikuwa palepale. Nilipata nafuu nilipobadilisha springi za nyuma na kuacha kubeba abiria watatu. Samahani mzee, si dawa ya asili.

Mzee_wa_Kisenyi
Imepita, mwanangu. Hiyo ndiyo niliyoitaka.

Hajati_Bombo
Jino: karafuu. Ponda moja, weka penye tundu, uma taratibu. Linakufa ganzi, unalala. Asubuhi nenda ukalizibe au uling'oe, kwa sababu tundu haliondoki.

Mwana_wa_Sheema
Hakuna aliyetaja Kitagata? Kwetu kuna chemchemi mbili za maji moto. Moja inaitwa Ekyomugabe, kwa kuwa Omugabe, mfalme wa Ankole, alikuwa akioga hapo, na nyingine watu wameibatiza Mulago, jina la hospitali kuu ya Kampala. Ukifika asubuhi utawakuta wazee wamekaa pembeni, miguu majini, wanazungumza siasa. Bibi yangu ana baridi yabisi na huenda kila anapopata nauli. Anarudi vidole vimelegea, anaweza kumenya ndizi mwenyewe, na baada ya siku chache vinakaza tena. Hasemi amepona, anasema amepumzika.

Angalizo: penye chimbuko maji hufika karibu nyuzi 80, kwa hiyo kaeni mbali, yanapotiririka. Mwenye sukari ambaye nyayo zake hazihisi joto asitumbukize mguu. Nimeona mtu akitoka na malengelenge bila kujua.

Nansana_Boy
Shangazi yangu alinunua chupa stendi, haina hata karatasi, eti mizizi saba. Maumivu ya mabega yaliisha siku hiyohiyo. Sote tulishangilia. Baadaye uso ukaanza kuvimba, presha ikapanda, tumbo likawaka moto. Hospitali wakatuambia kuna uwezekano mkubwa ilitiwa vidonge vilivyosagwa.

Sista_Arua
Mimi ni muuguzi, na chupa ya namna hiyo naijua. Mitishamba huanza pole pole. Dawa isiyo na jina ikikuondolea maumivu ya miaka ndani ya saa moja, ishuku kuwa ina diklofenaki, kidonge cha maumivu, au deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kushusha uvimbe. Vyote viwili ni dawa halali, lakini mtu apewe kwa kipimo. Diklofenaki hutoboa tumbo na kuumiza figo. Deksamethasoni huvimbisha uso, hupandisha sukari na presha, na ukiizoea huwezi kuiacha ghafla.

Kuhusu manjano, tafiti za magoti yaliyolika zipo na zinaonyesha nafuu ya kiasi. Ila nyingi zilitumia kiini chake kilichokolezwa, si kijiko cha mchuzi. Ukiitia chakulani, weka pilipili manga na mafuta, mwili uipokee vizuri zaidi. Anayetumia dawa za kuzuia damu isigande aulize kwanza kabla ya kunywa manjano au tangawizi kwa wingi.

Jambo linaloniuma ni watoto. Mama analeta mtoto wa mwaka mmoja, viganja na nyayo vimevimba, ameshakandwa na kuogeshwa majani wiki nzima. Mara nyingi ni seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mkimwona mtoto hivyo, msitafute majani, apimwe damu. Hata mkubwa, kiungo kimoja kikivimba kwa ghafla, kina moto, na homa ipo, ni hospitali siku hiyohiyo. Na wewe wa mululuza, mwili mzima ukiuma pamoja na homa, pima malaria kwanza.

Bodaboda_Walukuba
Nimesikia, sista.

Mzee_wa_Kisenyi
Atim mwanangu, hiyo moo yaa nitaijuaje kama si ya kuchanganywa? Niliyonunua soko la Owino ilikuwa ngumu kama sabuni.

Atim_Lira
Ya kwetu ni laini, mzee. Siku ya jua inayeyuka yenyewe kwenye kopo. Ngumu sana huenda imetoka Afrika Magharibi au imetiwa kitu. Nusa pia: iwe na harufu ya kokwa zilizokaangwa, si manukato. Mama anakamua mwezi ujao, nitampa kondakta wa basi la Kampala. Nitumie namba faraghani, usiiandike hapa.