Mjadala: Muvi za wahuni wa mpira wa Uingereza, adui amegeuzwa steringi?

Mleta mada:

Wakuu salaam. Jumamosi nilikuwa kibanda umiza hapa mtaani kwetu Mbagala nasubiri mechi, kabla haijaanza mwenye kibanda akaweka Rise of the Footsoldier, ile ya mwaka 2007. Kwa ambao hamjaiona, ni habari ya mtu wa kweli, Carlton Leach, alianza kama mpiganaji wa ICF (Inter City Firm), genge la mashabiki wa West Ham, akawa baunsa kwenye klabu za usiku za London na Essex, akazama kwenye ujambazi, na rafiki zake watatu wakaishia kuuawa ndani ya Range Rover. Damu mwanzo mwisho. Pembeni yangu walikaa madogo wa miaka kumi na mbili hivi, kila mtu akipasuliwa uso wanashangilia kama goli. Mmoja akamuuliza mwenzake, steringi ni yupi hapa? Mwenzake akajibu, wote hao masteringi.

Nimetoka pale na hilo jibu kichwani mpaka leo. Naleta mada: muvi za namna hii zinatuonyesha ubaya wa hao watu au zinawasafisha?

Msimamo wangu nauweka wazi. Damu siipingi, wengi wetu tumekulia kwenye muvi za ngumi. Kinachoniuma ni kwamba kamera inamfuata anayepiga, aliyepigwa akishaanguka basi, hatumuoni tena. Chukulia hiyo ICF. Jina lenyewe limetokana na treni za InterCity. Magenge mengine yalikuwa yanasafiri na treni maalumu za mashabiki ambazo polisi walizijua, hawa wakawa wanapanda treni za kawaida za abiria, hawavai skafu wala jezi, wamevaa nguo za bei mbaya, ukiwaona unadhani wanaenda kwenye shughuli zao. Na wakishampiga mtu wanamwachia kadi iliyochapishwa kabisa, hongera, umekutana na ICF. Hebu fikiria mtu yuko chini kwenye lami hana meno ya mbele halafu anaachiwa kadi. Kibanda kizima kikiambiwa hilo la kadi kinacheka, mimi nataka kujua yule wa chini aliamkaje na nani alimpeleka hospitali.

Na bili ya zile ngumi ilikuja kubwa kuliko wao. Kwa sababu ya wahuni viwanja vya Uingereza viliwekewa uzio wa chuma mbele ya majukwaa, shabiki akafungiwa kama ng'ombe zizini. Mei 29, 1985 pale Heysel, Brussels, mashabiki wa Liverpool wakawavamia wa Juventus, ukuta ukaanguka, watu 39 wakafa, klabu za Uingereza zikafungiwa Ulaya miaka 5 na Liverpool wakaongezewa mmoja. Halafu ikaja Aprili 15, 1989, Hillsborough, Sheffield, nusu fainali ya FA, Liverpool na Nottingham Forest. Siku hiyo hakukuwa na uhuni wowote. Polisi wenyewe walifungua geti kubwa, watu wakamiminika kwenye jukwaa ambalo katikati lilishajaa, mbele kuna uzio, nyuma watu wanazidi kuingia, hakuna pa kwenda. Refa alisimamisha mechi dakika ya sita. Waliokufa kwa jumla ni 97, mdogo wao alikuwa na miaka 10. Kamanda wa polisi akasema mashabiki ndio waliovunja geti, uongo mtupu, na nchi ikameza. Ilimeza kwa sababu kichwani mwao shabiki wa mpira alishakuwa mhuni, picha waliyoichora watu kama ICF. Familia zilihangaika mpaka 2016 ndipo jopo mahakamani likasema mashabiki hawana kosa lolote na wale watu waliuawa kinyume cha sheria. Miaka 27 wakuu.

Karibuni, ila tujadili kwa hoja.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu nakuheshimu ila hapa umeionea muvi. Imeonyesha mwisho wao au haikuonyesha? Tony Tucker, Pat Tate na Craig Rolfe walipigwa shotigani usiku wa Desemba 6, 1995 kwenye njia ya shambani kijiji cha Rettendon, wamekaa ndani ya gari, wakaja kuokotwa asubuhi na watu wa shamba, kuna theluji na baridi kali. Nani anaangalia ile halafu anatamani kuwa Tate? Mhuni kafa kifo cha kihuni, fundisho gani tena unalitaka? Tatizo ni mwenye kibanda kuwaonyesha watoto muvi ya watu wazima, hilo la Hillsborough ni jambo jingine kabisa, umeliunganisha kwa nguvu.

Mleta mada:

Kaka sijaliunganisha kwa nguvu, uzio uliwekwa kwa ajili ya nani? Hilo nalisimamia.

Kuhusu mwisho wao, nakupa hoja yako nusu. Wamekufa vibaya, ni kweli. Lakini tazama tunachokumbuka, tunakumbuka Range Rover. Wangapi humu wanamjua Leah Betts? Binti wa Essex hukohuko, alikuwa anasherehekea kutimiza miaka 18 nyumbani kwao Novemba 1995, akameza kidonge cha ekstasi, dawa ya kulevya ya kwenye madisko, akanywa maji mengi mno kwa muda mfupi, ubongo ukavimba, akafariki Novemba 16. Kidonge kilitoka klabu ya Raquels, Basildon, na pale mlango ulishikwa na watu wa Tucker. Hapa ndipo penyewe wakuu, watu wanadhani baunsa ni wa kuzuia fujo tu. Anayeshika mlango ndiye anaamua nani aingie na mzigo na nani asiingie, muuzaji asiyemlipa anatupwa nje na meno mkononi. Ndiyo maana wapiganaji wa majukwaani walitafutwa sana ilipofika miaka ya ekstasi, ngumi walizojifunzia kwenye mpira zikawa biashara. Siku 20 baada ya yule binti kufa na hao watatu wakauawa. Waliouawa kwenye gari wamepata muvi juu ya muvi. Binti wa watu amebaki picha ya kwenye mabango ya kuonya vijana.

Mchangiaji wa pili:

Naongezea hapo kwenye muvi juu ya muvi. Rise of the Footsoldier ya pili ilitoka 2015, ya tatu 2017 hiyo ikawa ya Pat Tate mwenyewe kabla hajafa, wakaenda na 2019, 2021, 2023. Sasa mtu anarudishwa hai kila baada ya miaka miwili aendelee kupiga watu, fundisho la mwisho mbaya liko wapi? Halafu hata kesi ya mauaji ya hao watatu watu wanabishana mpaka leo, Michael Steele na Jack Whomes walifungwa maisha mwaka 1998 kwa ushahidi mkubwa wa mshirika wao aliyegeuka, na siku zote wamesema hawakufanya. Pande zote kuna wazazi na watoto wanaoona hayo mabango ya sinema barabarani.

Mchangiaji wa tatu:

Nawasalimu kutoka mashariki ya London, nimeishi huku muda mrefu. Mimi namuunga mkono mleta mada kwa sababu nimeona mabaki yake. Ukienda mechi leo umebeba mtoto, bia hairuhusiwi unapoona uwanja, ni sheria ya 1985 hiyo na bado ipo. Stesheni kuna polisi wa farasi, mashabiki wageni wakati mwingine wanazuiwa ndani mpaka mitaa iwe tupu, na baa nyingine mlangoni wameandika wageni hapana. Mtu akipigwa marufuku na mahakama asiende mechi, timu ya taifa ikicheza nje anasalimisha pasi ya kusafiria. Yote hayo yalitokana na watu wachache, na kwenye baa wapo wazee wanaosimulia enzi hizo kwa fahari kabisa. Nikisikia najiuliza kama aliyeachiwa kadi naye anakunywa baa hiyohiyo.

Mchangiaji wa kwanza:

Sawa, nimeelewa, la mlango sikulijua. Kwa hiyo unataka zifungiwe?

Mleta mada:

Hapana, zikifungiwa zitatafutwa zaidi. Nilichofanya nimeongea na mwenye kibanda, amekubali mchana wakiwepo watoto aweke vitu vingine, tutaona kama atashika neno. Na yule dogo aliyeuliza steringi nilimkuta jana kwa muuza mihogo nikamsimulia Hillsborough kama nilivyoandika hapa. Alisikiliza mpaka mwisho, hakuuliza habari za polisi wala geti, akauliza yule wa miaka 10 alikuwa anashabikia nani. Nikamwambia Liverpool. Akainamisha macho akaiangalia jezi aliyovaa, ya Salah, mhogo umebaki mkononi.