Je, malengelenge ya kurithi yanaweza kupimwa mtoto akiwa bado tumboni?

Mama Leicester
Habari zenu, ndugu zangu. Mwaka jana tulimzika binti yetu akiwa na miezi minne. Alizaliwa ngozi ya miguu ikiwa imechubuka, na kila aliposhikwa palitoka malengelenge, hata kinywani, mpaka sauti yake ya kulia ikakauka. Tuliambiwa ni epidemolisisi bulosa, yaani malengelenge ya kurithi, ya aina kali. Sasa nina mimba ya wiki saba. Mume wangu ni binamu yangu, na ngozi zetu sote ni nzima. Wifi yangu ananishauri nisubiri ultrasaundi ya wiki ya 20. Je, itatosha?

Mkunga mstaafu, Birmingham
Pole sana, mwanangu. Usisubiri, kwa sababu ultrasaundi kwa kawaida haiuonyeshi ugonjwa huu. Iwapo binti yenu alikuwa na ile aina inayorithiwa kwa wazazi wote wawili, basi kila mmoja wenu anabeba nakala moja ya jeni yenye kasoro bila kuugua, na kila mimba ina uwezekano wa mara moja kati ya nne wa mtoto kuugua, haidhuru ya kwanza ilikuwaje.

Kinachopimwa ni vinasaba vya mtoto, ama kwa kuchukua chembe za kondo la nyuma kuanzia wiki ya 11, ama maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15. Lakini maabara haiwezi kutafuta isichokijua: ni lazima kasoro yenyewe iwe imetambuliwa kwanza, iwe ni katika jeni ya LAMB3, COL7A1 au nyingine. Kwa hiyo uliza leo kama damu ya marehemu ilichunguzwa au imehifadhiwa. La sivyo, ninyi wawili mtolewe damu mapema. Sindano ya kuchukua chembe za kondo au maji ya uzazi inaweza kuharibu mimba, ingawa ni mara chache, na una haki ya kuikataa.

Mwaka 1980, wakati jeni hizi zilikuwa hazijajulikana, madaktari wa London walieleza jinsi walivyokata vipande vidogo vya ngozi ya mtoto tumboni na kuvichunguza kwa hadubini ya elektroni. Majibu yalikuja mimba ikiwa imeshakuwa kubwa, jambo lililowaumiza sana akina mama.

Baba wa wawili
Dada, sisi tulipimwa kondo la nyuma, na zile siku za kungoja zilikuwa ndefu kuliko miezi yote iliyobaki. Mtoto wetu alikutwa anabeba nakala moja tu, kama sisi, na ngozi yake ni nzima. Kabla ya kipimo tulikubaliana na mke wangu kwamba, hata majibu yangekuwa mabaya, uamuzi ungebaki wetu wawili, wala si wa ukoo. Wapo pia wanaotungisha mimba maabara, viini-tete vikapimwa kabla ya kupandikizwa, lakini kwako wakati huo umepita.

Mama Leicester
Ahsanteni sana. Nimepiga simu: damu ya binti yangu ilihifadhiwa, na Jumatatu tunaonana na mshauri wa vinasaba.