Mrejesho: Mwanangu na kunawa mikono

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza namna ya kumfundisha mwanangu wa miaka 6, mwenye usonji, kunawa mikono bila kushikwa, nanyi mkanishauri niigawe kazi hiyo katika hatua ndogondogo na kuanza na ile ya mwisho. Nawashukuru sana. Niliandika hatua 7, kuanzia kufungua koki ya ndoo hadi kujifuta kwa taulo. Zote nilimsaidia isipokuwa kujifuta, na alipomaliza tu nilimpa kipande cha embe. Sasa hatua 3 za mwisho anazimudu, na nimeelewa kwamba kila hatua huituza iliyotangulia na papo hapo huwa ishara ya inayofuata: mapovu yakijaa viganjani, mwenyewe huipeleka mikono kwenye maji. Kosa langu lilikuwa maneno mengi, kwani alizoea kusubiri sauti yangu badala ya kuyatazama mapovu. Juzi kwa bibi yake Tabata, penye bomba la ukutani, alikwama kwenye kufunga maji, akasimama mikono ikichuruzika. Hatua hiyo tunamfundisha upya hukohuko. Kusugua viganja bado namsaidia.